NJAA KATIKA NCHI YENYE CHAKULA

Mtu akiitazama ramani ya dunia ataona, ng'ambo ya Bahari ya Hindi upande wa kusini-mashariki, nchi kubwa iitwayo Australia. Pwani zake zina miji mikubwa, mashamba ya ngano na malisho ya kondoo. Lakini katikati yake ni nyika kame, nchi ya mchanga, mawe na vichaka, ambako pengine mvua hukosekana mwaka mzima.

Katika mwaka wa 1861 watu watatu walikaa kando ya mto katika nyika hiyo. Maji walikuwa nayo. Chakula nacho walikuwa nacho, wakala kila siku mpaka kujaza tumbo. Walakini wawili wao walikufa kwa njaa. Karibu nao walikaa wenyeji wa mto ule, wanaume kwa wanawake na watoto, nao walikuwa wazima, wenye nguvu. Ilikuwaje watu hawa wafe mahali ambapo wengine wanaishi? Habari zao zafaa kusomwa, kwa kuwa zaonyesha wazi ni mambo gani yampasayo mtu kuyajua akiwa nyikani, mbali na duka, barabara na mganga.

1. Safari yenyewe

Zamani zile Wazungu walikuwa wamekwisha jenga miji yao pwani, lakini hawakujua yaliyomo katikati ya bara. Wakubwa wa mji wa Melbourne, ulio kusini, walitaka kupeleka watu wavuke nchi yote mpaka bahari ya kaskazini. Wakachanga fedha nyingi, wakaagiza ngamia kutoka nchi za Bara Hindi pamoja na wachungaji wao.

Tarehe 20 Agosti 1860 msafara ukatoka Melbourne, na maelfu ya watu wakaja kuutazama. Kiongozi alikuwa Robert O'Hara Burke, mtu wa Ireland, mkubwa wa polisi. Alikuwa shujaa, lakini nyika hakuizoea, wala hakuwa na subira. Pamoja naye alikuwapo William John Wills, kijana wa miaka 26, mpima nchi, ajuaye kuongoza njia kwa kutazama nyota. Tena alikuwapo John King, kijana aliyekuwa askari huko India, naye alikuja kuwatunza ngamia.

Mizigo yao ilikuwa kama tani 20. Uzito huo ukawa kizuizi, maana magari yalikwama mara kwa mara, na siku zikapita. Burke akaona akiendelea hivyo atachelewa, na mtu mwingine atamtangulia kufika. Basi akawaacha watu wengi na mizigo mingi katika kijiji cha Menindee, akatangulia na watu wachache. Mnamo Novemba 1860 wakafika kwenye mto uitwao Cooper Creek.

Mto huu si kama Rufiji au Tana, yenye maji mwaka wote. Mvua kubwa zikinyesha mbali, maji hushuka kwa nguvu, yakafunika nchi. Kisha hukauka, yakabaki mabwawa marefu yaliyoachana. Wala haufiki baharini. Ukijaa sana huenda kuishia katika ziwa la chumvi lililo katikati ya bara, kama vile mto Ewaso Ng'iro wa kaskazini ya Kenya uendavyo kuishia katika kinamasi cha Lorian. Lakini mabwawa yale yana samaki na kome, na ndege wengi huja kunywa. Kwa watu waijuao nchi, hapo pana riziki tele. Wenyeji wake huitwa Yandruwandha, nao walikaa kando ya maji yale vizazi na vizazi.

2. Mwendo wa haraka

Hapo mtoni Burke akajenga kituo. Shauri lilikuwa kungoja wale wa Menindee walete mizigo iliyobaki. Lakini hakungoja. Tarehe 16 Desemba 1860, jua la kiangazi likiwa kali, akaondoka kwenda bahari ya kaskazini. Aliwachukua Wills, King na mtu mwingine aitwaye Charles Gray, pamoja na ngamia 6, farasi mmoja, na chakula cha miezi mitatu. Kituo akakiacha mikononi mwa William Brahe na wenziwe watatu, akawaagiza wangoje miezi mitatu.

Wale wanne wakaenda mamia ya maili kwa miguu, mizigo ikiwa juu ya ngamia. Mwezi wa Februari 1861 wakafika mahali ambapo maji ya mto yalikuwa ya chumvi, yakipanda na kushuka kwa kujaa na kupwa. Wakajua kwamba bahari i karibu. Walakini matope na mikoko vikawazuia, wasiione kwa macho yao. Wakageuka nyuma.

Kurudi kulikuwa kugumu kuliko kwenda. Mvua ziliwanyeshea, chakula kikapungua, wakawachinja ngamia wakala, na yule farasi pia. Mwezi wa Aprili Gray akafa, na wenzake, kwa udhaifu wao, wakatumia siku nzima kumchimbia kaburi. Tarehe 21 Aprili 1861, jioni, Burke, Wills na King wakafika kituoni wakikokota miguu. Wakaita, wasijibiwe. Kituo kilikuwa kitupu.

Brahe alikuwa amengoja miezi minne na zaidi, si mitatu kama alivyoagizwa. Mwenzake mmoja alikuwa hoi kwa ugonjwa, na wale wa Menindee walikuwa hawajafika. Mwisho akakata tamaa, akaondoka. Na siku aliyoondoka ni siku ile ile, asubuhi. Kati ya kuondoka kwake na kufika kwa Burke ulipita muda wa saa tisa tu.

3. Alama iliyokosekana

Kabla ya kuondoka Brahe alifukia chakula chini ya mkaratusi mkubwa, akachonga katika gome maneno ya kumwambia ajaye achimbe. Wale watatu wakachimba, wakapata unga, mchele, sukari na nyama kavu, pamoja na barua. Wakala, wakapumzika, nguvu zikaanza kuwarudia.

Sasa ilibidi wachague njia. Wills na King walitaka kurudi kwa njia waliyoijua, iendayo Menindee. Burke akakataa, akasema waende shamba la ng'ombe lililo upande wa kusini-magharibi, maili 150 hivi, mahali paitwapo Mount Hopeless. Kabla ya kuondoka, Burke aliandika barua ya kueleza njia yao, akaifukia katika shimo lile lile, wakalifunika vizuri ili wenyeji wasilifukue. Lakini juu ya mti hawakuongeza alama hata moja.

Baada ya siku chache Brahe alikutana njiani na wale wa Menindee. Moyo wake haukutulia, basi akarudi na mkuu wao kutazama kituo. Wakafika tarehe 8 Mei. Wakautazama mti, wakaona maneno ni yale yale. Wakatazama ardhi, wakaona imefunikwa kama ilivyoachwa. Wakasema, ‘Hakuna aliyekuja,’ wakaenda zao baada ya robo saa. Nao hawakuacha alama yo yote. Mwisho wa mwezi ule Wills alirudi peke yake mpaka mti ule, akatazama, asione dalili ya mtu. Akarudi kwa wenziwe.

Hivyo watu waliotafutana walifika mahali pamoja mara tatu, na kila mara wakapishana. Mkato mmoja wa kisu katika gome la mti ungaliweza kuwaokoa.

4. Shibe isiyo shibe

Huko mtoni ngamia mmoja alizama katika matope, asitoke. Wa pili akadhoofika, wakampiga risasi. Bila ngamia hawakuweza kuchukua maji ya kuvukia nyika kavu iliyo kati yao na shamba lile la ng'ombe. Wakajaribu, wakashindwa, wakarudi mtoni.

Ndipo Yandruwandha walipowahurumia. Waliwapa samaki, na mikate ya unga wa mmea uitwao nardu. Nardu ni jamaa ya kangaga, nayo huota katika tope baada ya mafuriko. Jani lake limegawanyika vipande vinne. Maji yakikauka, huacha juu ya ardhi vifuko vidogo vigumu kama mbegu. Wanawake wa Yandruwandha huviokota na kuvisaga juu ya mawe. Wageni wakaupenda unga ule, wakautafuta mmea mpaka wakauona, wakafurahi sana, wakidhani kwamba sasa wamepata chakula kisichokwisha.

Lakini urafiki haukudumu. Burke aliogopa kwamba wenyeji wakizoea kuja kambini watawaibia. Siku moja mtu mmoja alichukua kitambaa, Burke akafyatua bastola juu ya kichwa chake. Siku nyingine watu walileta samaki, naye akaamuru wapigwe vikumbo, samaki wao waanguke chini. Basi wenyeji wakahama, wakaenda sehemu nyingine ya mto. Na samaki wakaenda pamoja nao, maana wageni hawakujua kuvua kama wao.

Tangu siku hizo wale watatu waliishi kwa nardu. Walishinda wakiokota vifuko na kusaga, wakala uji na mikate mpaka kushiba. Walakini kila siku miguu yao ilizidi kukosa nguvu. Wills aliandika hayo katika kitabu chake cha kila siku, akistaajabu kwamba anakula sana na mwili wake unakwisha. Mwisho hakuweza kusimama. Akawaambia wenzake wamwache na chakula kidogo, waende kuwatafuta wenyeji, kwa kuwa hilo ndilo tumaini lililobaki. Wakaenda. Baada ya mwendo wa siku mbili hivi Burke naye akaanguka, akafa, na King akabaki peke yake. Aliporudi kumtazama Wills, akamkuta amekufa. Mambo hayo yalitokea mwisho wa Juni 1861 au mwanzo wa Julai.

5. Siri ya nardu

Kwa muda mrefu watu hawakuelewa sababu ya vifo vile. Siku hizi wataalamu wameipima nardu, wakaona ina kimeng'enya, yaani kitu kinachovunja vitu vingine, na kazi ya kimeng'enya hicho ni kuharibu vitamini B1. Mwili wa mtu hauwezi kutumia chakula vizuri pasipo vitamini hiyo. Ikikosekana, miguu hulegea, mishipa ya fahamu huharibika, na moyo hudhoofu. Ugonjwa huo huitwa beriberi, nao umejulikana sana Asia miongoni mwa watu walao mchele mweupe uliokobolewa sana, bila kitoweo cha kutosha. Yaonekana kwamba Burke na Wills walipatwa na ugonjwa kama huo. Tumbo lilijaa, lakini mwili ulikuwa na njaa.

Mbona wenyeji hawakufa? Kwanza, walikuwa na desturi yao ya kuitengeneza nardu: hukaanga vifuko katika moto, kisha husaga pamoja na maji mengi. Wataalamu wanafikiri kwamba moto na maji hupunguza nguvu za kitu kile kibaya. Wageni waliona unga na mkate, lakini hawakujifunza kazi yote iliyo kati ya kuokota na kula. Pili, wenyeji hawakula nardu peke yake. Walikula samaki, kome, ndege na wanyama wadogo, na vyakula hivyo huurudishia mwili vitu unavyohitaji.

Jambo hili lisiwe geni kwa mtoto wa Afrika. Muhogo mchungu una sumu iitwayo sianidi. Mama zetu wanajua kuumenya, kuuloweka siku kadhaa, kuuanika na kuutwanga, ndipo wakapata unga mzuri usiodhuru. Mgeni akiutazama ugali mezani hawezi kuona zile siku za kuloweka. Lakini wakati wa ukame, njaa ikiwabana watu, pengine hupunguza siku za kuloweka na kuanika, tena hukosa samaki na maharagwe ya kula pamoja na ugali. Hapo ndipo ulipotokea ugonjwa uitwao konzo, uondoao nguvu za miguu ghafula, hasa za watoto na wanawake, nao umeonekana Congo, Msumbiji na Tanzania. Chakula ni kile kile. Tofauti ni katika kazi ya kukitengeneza. Nani basi atasema kwamba kazi ya jikoni haina elimu?

6. Aliyeokoka

King alipobaki peke yake, alifanya lile ambalo Burke hakulifanya: aliwafuata wenyeji kwa unyenyekevu, kama mtu ahitajiye msaada. Kwanza walimpa chakula, kisha wakamwonyesha kwa ishara kwamba aende zake. Hakuenda. Akapiga ndege kwa bunduki, akawagawia. Mwanamke mmoja alikuwa na kidonda mkononi. King akakiosha, akakitia dawa, na tangu siku hiyo mwanamke yule na mumewe wakamtunza. Watu walipokwenda, alikwenda nao. Walipokula, alikula nao. Alipowaonyesha mahali maiti ya Burke ilipolala, walilia machozi, wakaifunika kwa matawi. Hawa ndio watu waliofukuzwa kwa bastola.

Tarehe 15 Septemba 1861 msafara wa kuwatafuta waliopotea, ukiongozwa na Alfred Howitt, ulimkuta King katikati ya Yandruwandha. Alikuwa dhaifu, ngozi imeunguzwa na jua, lakini hai. Howitt aliwakusanya wenyeji, akawapa zawadi za kuwashukuru. Katika wale wanne waliokwenda bahari ya kaskazini, King peke yake alirudi Melbourne. Afya yake haikurudi kamili, naye alifariki mwaka wa 1872. Burke na Wills walizikwa Melbourne kwa heshima kubwa mwezi wa Januari 1863. Mkaratusi ule ungali umesimama kando ya mto hata leo, na watu huenda kuutazama.

7. Mambo ya kukumbuka

Habari hizi zafundisha mambo manne kwa kila mtu apitaye nyikani.

La kwanza ni maji. Katika joto kali, mtu asiyekunywa hufa baada ya siku chache, lakini aweza kukosa chakula kwa majuma. Kwa hiyo mwenye busara hauachi mto kabla hajajua maji mengine yako wapi, na atachukua nini cha kuwekea. Njiwa na ndege walao mbegu hawakai mbali sana na maji. Akiwaona wakiruka pamoja asubuhi au jioni, aangalie upande waendako.

La pili ni alama. Aliyepotea hutafutwa na macho ya watu, na macho huona kilichobadilika. Tawi lililovunjwa, mawe yaliyopangwa, mkato katika gome, moshi mchana na moto usiku: hayo yote husema, ‘Mtu yupo.’ Barua iliyofichwa vizuri haisemi neno.

La tatu ni subira. Waswahili husema, haraka haraka haina baraka. Burke aliwaacha watu wake nyuma kwa haraka, akatoka wakati wa jua kali kwa haraka, akaacha njia aijuayo kwa haraka. Alifika bahari ya kaskazini kabla ya wengine, lakini hakurudi kuieleza.

La nne, nalo ni kubwa kuliko yote, ni kujifunza kwa wenyeji. Nchi iitwayo tupu na mgeni ni ghala kwa mwenyeji. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Burke alikuwa na bunduki, ngamia, dira na tani za mizigo. Wale wanawake wa mtoni walikuwa na jiwe la kusagia, na elimu waliyoipokea kwa mama zao. Siku ya shida, elimu ile ilimlisha King, na tani zile hazikumsaidia kitu.

MASWALI

1. Kwa nini Burke hakuwakuta watu kituoni, nao waliongoja zaidi ya muda walioagizwa?
2. Brahe aliporudi tarehe 8 Mei, ni nini kilichomfanya adhani kwamba hakuna mtu aliyefika?
3. Eleza kwa nini Wills alikufa njaa naye alikuwa akila kila siku.
4. Nardu na muhogo mchungu hufanana kwa jambo gani?
5. Waulize wazee wa kwenu ni majani, mizizi au matunda gani ya porini yaliyoliwa wakati wa njaa, na jinsi yalivyotengenezwa kabla ya kuliwa. Andika majibu yao kwa utaratibu, usiache hatua hata moja.